Mgongo wa Shemeji

Geofrey alipoambiwa asubiri, alisubiri kama chungu cha maharage: juu kimya, chini kunachemka. Alitaka kumfuata kaka yake Charles huko Poland, na fedha ya wakala wa safari ingepatikana kwa kuuza shamba la kabichi. Tatizo, shamba halikuwa lake. Lilikuwa la ukoo wa mama wa mkewe, Eufrazia, na kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mume hulima, hula, hauzi. Mjomba Andrea, msemaji wa ukoo huo, alikuwa ameahidi kushuka Jumapili kusikia neno moja tu kutoka kwa Eufrazia mwenyewe: ndiyo au hapana.

Eufrazia si mtu wa kukurupuka. "Niache kwanza nitazame," alimwambia mumewe.

"Utatazama nini? Poland haionekani kutoka Mgeta."

"Shemeji anaonekana."

Na kweli alionekana, kila Jumamosi, kwenye simu. Koti zuri, nyuma yake gari jeusi linang'aa. Zamani Charles alikuwa akiuza makava ya simu stendi ya Msamvu, na akipanda mlimani kumsalimia mdogo wake, alitandika leso ndipo akae kwenye gogo. Kabichi aliijua ikishafika kwenye sahani. Sasa, kwa maelezo yake, alikuwa "anasimamia mambo ya chakula." Mambo gani, hakuna aliyeuliza. Koti lilikuwa limeshajibu.

Jumamosi hiyo alipiga wakiwa shambani, wanakata mzigo wa kupakia kwenye fuso. Geofrey akaiegemeza simu kwenye gunia ili kaka yake awaone wote wawili.

"Shikamoo shemeji," alisema Eufrazia.

"Marahaba. Mmefifia, au ni ukungu?"

"Ni jasho. Huko ofisini mnalipata?"

"Huku hita inawaka kutwa, shemeji. Nakaa na shati tu."

"Na hilo koti?"

"Hili ni la heshima yenu."

Geofrey akacheka kwa fahari, akaendelea kukata. Mikono ilikuwa Mgeta, akili iko uwanja wa ndege. Kisu kikawa kinatua popote.

"Wee, unaharibu mali," sauti ikatoka kwenye simu. "Iinamishe kwanza kwa mkono wa kushoto. Kisu kipite chini kabisa, mara moja. Yale majani mawili ya nje yaache, yataikinga njiani. Na usisimame hivyo, utakuja kulia na kiuno. Mguu mmoja mbele."

Geofrey akafuata. Kabichi ikatoka safi kabisa. "Umeona, mke wangu? Bosi ni bosi tu."

Lakini Eufrazia hakuwa akiitazama kabichi. Charles alipokuwa akieleza, mkono wa kulia ulikuwa unakata hewa, wa kushoto umekwenda wenyewe kiunoni. Mkono ule Eufrazia aliujua. Mama yake alikuwa nao, na yeye anao, jua likianza kuinama.

"Shemeji," akauliza taratibu, "mgongo unakuuma upande gani?"

"Wa kushoto," akajibu Charles.

Akauondoa haraka mkono kiunoni. Huko Poland mzungu mmoja akatokea, akaingia kwenye lile gari jeusi, akaondoka nalo. Nyuma ya Charles ukabaki ukuta wa bati na makreti yamepangwa hadi juu, yamejaa kijani.

"Kaka," Geofrey akasema, "ile ni nini?"

"Kabichi. Ulitaka iwe nini?"

Geofrey akakaa juu ya gunia jingine. Charles akaangalia pembeni, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akawaambia kwamba wanaingia shambani gizani, majani yana barafu, vidole vinakufa na kufufuka jioni. Msimamizi hajui jina lake, anampigia mluzi. Hata koti ni la chumba kizima, wanapokezana kupigia simu nyumbani. Hapo alipo Mnepali mmoja anamsubiri amalize, naye akamsalimie mkewe.

"Mbona hukusema?" Eufrazia aliuliza.

"Nianzie wapi, shemeji? Mama ameshatangaza Msamvu nzima kwamba nina ofisi. Ukishamzalia mama yako uongo, inabidi uulee."

Eufrazia alitaka kumtania, akaona macho yake, akaacha. "Mama hatausikia ukweli kwangu. Ila mwambie mdogo wako, mimi hanisikii."

"Geofrey," Charles akasema, "ukitaka njoo. Hapa tutakata mstari mmoja mimi na wewe, na jioni hatutakuwa na nguvu hata ya kutaniana. Lakini usije kwa sababu ya gari. Umeliona lilivyoondoka." Mtu akamsemesha kwa nyuma. Akavua koti akiwa bado hewani. Ndani alikuwa na sweta tatu.

Simu ilipokatika, Geofrey alikwangua tope kwenye kisu.

"Kwa hiyo kesho utasema hapana," akasema.

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Akavuta pumzi, akampigia Mjomba Andrea. "Shikamoo mjomba. Usihangaike kushuka kesho. Hatuuzi."

"Marahaba. Shamba limepona?"

"Limepona, mjomba."

"Mungu mkubwa. Na yule jogoo mliyeniandalia, naye amepona?"

Geofrey akamtazama mkewe. Eufrazia akatikisa kichwa.

"Hapana, mjomba," Geofrey akasema. "Yeye hana ukoo wa kumtetea."

"Basi nashuka."