Baiskeli Iliyogoma Darajani

Mara ya kwanza baiskeli ilipogoma, Mama Bisibisi alidhani ni betri. Lakini betri alikuwa ameijaza mwenyewe tangu alfajiri, na safari yenyewe ilikuwa fupi: kuvuka daraja, kukata kushoto, mpaka karakana ya wenzake. Kwenye kikapu cha nyuma alikuwa na redio mbili mbovu na pasi ya umeme. Alipofika katikati ya daraja, mota ikapoa taratibu, magurudumu yote matatu yakasimama, na sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi ikatoka chini ya usukani: "Umefika mwisho wa eneo lako salama. Tafadhali rudi."

"Rudi wewe," alisema Mama Bisibisi.

Akazima, akawasha. Mwanamke akarudia maneno yaleyale kwa adabu zilezile. Nyuma yake dereva wa lori akapiga honi, na kijana wa pikipiki akauliza kama bibi anahitaji kusukumwa. Bibi akamwambia asukume lori kwanza. Mwishowe aligeuza, na baiskeli ikaondoka mbio kuelekea nyumbani kama punda aliyeona zizi.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumikia mitambo ya simu za mezani, akipanda nguzo na kulehemu nyaya siku ambazo wanaume wa idara walikuwa bado wanatafuta ngazi. Jina la Bisibisi alilipata kwa sababu ya bisibisi aliyokuwa akiichomeka kwenye kilemba, na alipostaafu jina halikustaafu naye. Alipenda vyombo vipya kuliko vijana wengi, na ndiyo sababu vilimuudhi kuliko vijana wengi. Simu ambayo betri yake imegundishwa kwa gundi aliiita jeneza. Friji inayodai intaneti ili igandishe maji aliiita mbea. Fundi akikuuzia kitu kisha akakuzuia kukifungua, alikuwa akisema, huyo hajakuuzia, amekukodishia na kukuficha.

Baiskeli hiyo ya umeme alinunuliwa na mwanawe wa pekee, mhandisi wa majengo aliyeko ughaibuni, baada ya mama yake kuteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Mguu wa kushoto haukurudi kuwa mguu. Siku ile ya daraja, akiwa bado na kilemba kichwani, alimpigia simu mwanawe kumwambia kuwa chombo kina kasoro.

"Hakina kasoro, mama," alisema mwanawe. "Ni mimi nimekuwekea mpaka. Daraja lile lina malori. Ni kwa usalama wako."

"Umeniwekea nini?"

"Mpaka. Kwenye programu. Nakuona hapa kwenye ramani, kidoti cha kijani. Kila nikiamka naangalia."

"Hebu niambie," alisema Mama Bisibisi, "ni mimi niliyekuzaa au ni wewe uliyenizaa?"

"Mama, usichukulie hivyo."

"Nimeshachukulia."

Jumamosi tatu zikapita hajavuka daraja. Huko karakana watu kumi na watatu, yeye akiwemo, wastaafu na wasio na kazi, walikuwa wakikutana kila Jumamosi kufungua vitu vilivyotupwa na kuvirudishia uhai, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine kusoma michoro ya saketi za umeme. Nyumbani alikuwa mgonjwa anayeulizwa na majirani kama amekunywa dawa. Ng'ambo ya daraja alikuwa fundi. Alijua wazi kuwa akizoea kukaa nyumbani, basi amekwisha, na hakuna atakayegundua, kwa sababu kidoti kitaendelea kuwa cha kijani.

Jumatatu ya wiki ya nne aliinua kiti cha baiskeli. Chini yake palikuwa na kisanduku cheusi kinachoongoza mota, yaani kontrola, kimefungwa kwa skrubu za pembe tano zenye kinundu katikati, za kuzuia bisibisi ya kawaida isiingie. Mtu anayefunga kitu kwa skrubu ya namna ile anakwambia usoni kuwa hakuamini. Mama Bisibisi alikaa kibarazani na tupa, akachonga ncha ya bisibisi kuukuu mpaka saa saba mchana, na skrubu ya kwanza ilipolegea alicheka peke yake kwa sauti.

Alimpigia fundi wa vyuma wa karakana, bwana mmoja mnene mwenye mzaha mwingi waliyemwita Cheche.

"Zile kontrola tulizotengeneza za mikokoteni ya umeme, imebaki hata moja?"

"Ipo. Nikuletee?"

"Usiniletee. Nakuja kuichukua."

"Kwa usafiri gani? Kwa ungo?"

"Kwa miguu yangu, mshenzi wewe."

Alivuka daraja kwa mkongojo, akapumzika mara nne, malori yakimpulizia vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nyonga ilimuuma mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Kontrola aliyokwenda kuichukua ilikuwa ubao wa kijani wenye ukubwa wa kiganja. Michoro yake waliipata bure mtandaoni kwa watu wasiowajua, walioiweka wazi ili kila mtu aichukue na kuibadilisha, na Mama Bisibisi mwenyewe alikuwa amerekebisha kosa moja ndani yake na kuwarudishia. Hakuna skrubu hata moja pale aliyoiogopa.

Cheche alimrudisha kwa mkokoteni wake na kukaa kutazama akifunga. Nyaya nene za mota ni tatu: njano, kijani, buluu. Mama Bisibisi aliziunga kwa uzoefu wa miaka thelathini na mmoja, akapanda, akafungua mafuta, kama alivyopenda kusema ingawa mafuta hayakuwepo, na baiskeli ikaenda kinyumenyume moja kwa moja hadi kwenye kamba ya nguo za jirani. Akatoka na shuka kichwani.

"Hongera," alisema Cheche. "Unarudi ujanani."

"Nimebadilisha njano na buluu. Nyamaza, lete koleo."

Baada ya hapo ilikwenda mbele. Alijaribu breki mara ishirini, tambarare na mteremkoni. Kisha, kwa mkono wake, akaiwekea kikomo cha kilomita kumi na mbili kwa saa, kwa sababu mguu wake aliujua kuliko mtu yeyote aliye ughaibuni. Cheche akamtazama kwa mshangao: si alikuwa akipiga kelele juu ya vikomo? Akamjibu kuwa hakukataa kikomo, alikataa kuwekewa.

Ijumaa wakala wa kampuni iliyouza baiskeli alifika na gari na wabeba mizigo wawili. Alikuwa kijana mtanashati, na alitoa karatasi kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Tumepata taarifa kwamba chombo kimefunguliwa. Kwa mujibu wa masharti, tunakirudisha kituoni."

"Marahaba. Kimelipiwa, hakijalipiwa?"

"Kimelipiwa chote, mama. Lakini matumizi yapo chini ya mwenye akaunti, na wewe siye mwenye akaunti."

"Akaunti iko wapi?"

"Kwa kweli... imo ndani ya kontrola."

"Ngoja hapo."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cheusi, taa yake ikiwa bado inawaka kwa kibetri chake cha ndani, skrubu sita na kile kipaza sauti cha mwanamke mwenye adabu. Akamkabidhi. "Akaunti yenu hiyo, haina hata mkwaruzo. Fremu, mota, betri na magurudumu vilinunuliwa, na mimi navikalia."

"Mama, utapoteza waranti."

"Mwanangu, mimi mwenyewe waranti yangu iliisha zamani na bado natembea."

Wabeba mizigo wakageuka upande ili wacheke. Wakala alitazama karatasi yake, akatazama mfuko, na hakuona mstari unaozungumzia jambo kama hili. Akaondoka na mfuko.

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, simu ililia.

"Mama, kidoti kimezimika!" Mwanawe alikuwa anahema. "Kampuni wameniandikia. Umefanya nini? Sasa nitajuaje uko wapi?"

Mama Bisibisi aliweka chuma cha kulehemu juu ya meza ya karakana.

"Ulipoondoka ulikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema. "Miezi minane sikujua unalala wapi. Sikukuwekea mpaka. Nilikuwa napanga foleni posta nikupigie chuoni, nikuulize kama umekula. Tangu uninunulie chombo hiki, wewe umenipigia mara ngapi?"

"Hii ndiyo ya kwanza," alisema mwanawe polepole. "Lakini nilikuwa nakuona, mama. Kila siku nilikuwa nakuona."

"Ulikuwa unaiona baiskeli."

Mama Bisibisi alimsikia akivuta pumzi, na moyo ukamuuma, kwa sababu alimpenda kupita kiasi na alijua kuwa hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini hakumwondolea neno hata moja. Alingoja, wenzake kumi na wawili wakijifanya wameinamia kazi.

"Shikamoo, mama," mwanawe akasema mwishowe. Sauti ilikuwa imeshuka. "Umeamkaje? Uko wapi leo?"

"Marahaba, baba," alisema. "Nimeamka na nyonga inauma. Niko ng'ambo ya daraja."