Kompyuta Iliyokataa Kupika

Hakuna mtu pale Mkolani aliyehudhuria harusi nyingi kumzidi Revocatus, na hakuna aliyealikwa chache kama yeye. Alikuwa mpiga video. Mashangazi wa watu aliwajua kwa vitenge vyao, wajomba aliwajua kwa namna wanavyolia wakishalewa, na bwana harusi aliyekanyaga shela alimjua hata akikutana naye gengeni. Wao walimjua kama kamera yenye miguu. Kazi ikiisha alipewa sahani yake nyuma ya spika, akala amesimama, kisha akarudi chumbani kwake kuwatazama watu wale wale wakila wamekaa.

Zamani walikuwa wawili. Mkewe Leonsia ndiye aliyeshika taa, na ndiye aliyeibatiza kazi ya mwisho jina la "kupika": video ikishakatwa na kuunganishwa, unaiamuru kompyuta iichemshe yote mpaka iwe faili moja la kumpa mteja. "Umeshapika?" alikuwa akiuliza kutoka uani. Tangu Leonsia afariki hakuna aliyeuliza tena, na taa ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye fimbo ya mwavuli mbovu. Fimbo haichoki, lakini haina la kusema.

Sasa, Hellen, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko ng'ambo ya mto, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wake, Ng'washi. Harusi ilikwisha salama, ikabaki kuvunja kamati: waliohangaika na michango wakutane, wale, wataniane, waione video.

"Revo, Jumapili tunavunja kamati kwangu," alimwambia. "Unakuja na video kwenye flashi, na mikono mitupu. Kamera nikiiona getini naipokonya. Utakaa kwenye kochi kama binadamu."

"Mimi?"

"Kwani nyuma yako kuna nani?"

Revocatus akageuka kweli kuangalia.

Shati alilipiga pasi siku nyingi kabla, akalitundika mlangoni, na kila akipita alilisogeza kidogo kama mtu anayemsalimia mgeni. Kilichobaki kilikuwa kupika tu. Kompyuta ikakataa.

Aliibeba mpaka kibandani kwa fundi Maige.

"Shikamoo, mzee Revo. Imekufa tena?"

"Marahaba. Haijafa, inazimia. Ukiiwasha inaamka vizuri, unakata, unaunganisha, mnacheka pamoja. Ukiiambia ipike tu, puu! Giza."

Maige akafungua ubavu wa kompyuta, akachungulia kile kiboksi kinachoigawia umeme. "Pawa saplai hii ulinunua wapi?"

"Kwa jamaa mmoja wa Usagara anayetembeza vifaa."

"Ulichaguaje?"

"Niliinyanyua."

"Uliinyanyua?"

"Nilinyanyua tatu. Hii ilizishinda zote kwa uzito."

Maige akaweka bisibisi chini taratibu. "Mzee, najua kwenu Bukoba mkungu unapimwa kwa mkono. Lakini hii si ndizi." Akafungua kiboksi chenyewe. Ndani, pembeni ya nyaya nyembamba, kilikuwepo kipande cha nondo kimegandishwa kwa gundi. "Hongera. Umenunua nondo, ukapewa na umeme kidogo wa nyongeza."

Revocatus alicheka. Angefanya nini? Akacheka mpaka akafuta macho, na Maige hakujua amalizie kucheka wapi.

"Sikiliza," Maige alisema. "Ile kadi ya picha uliyoiongeza ndiyo mlaji. Ukiitazama tu video, inadonoa. Ukiiamuru ipike, inataka sinia zima, na huyu wa nondo hana cha kumpa. Anazima nyumba yote. Tafuta pawa saplai ya maana."

Akataja bei. Revocatus akatazama upande wa ziwani kama mtu aliyeulizwa njia. Hela ya pawa saplai ilikuwa ndani ya video, video ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa inasubiri pawa saplai.

Akarudi nyumbani kupunguza walaji. Akachomoa diski ya pili. Akachomoa kisoma CD. Akachomoa hata vitaa vya rangi ambavyo Leonsia alivipenda, akiviomba radhi. Kompyuta ikapika mpaka katikati ya maharusi kuingia ukumbini. Puu.

Jumapili alfajiri alijaribu mara ya mwisho. Kwanza alisafisha sauti, kama kawaida yake. Katika kila video alijifuta: kila neno alilosema akiwa nyuma ya kamera alilikata, akaweka muziki juu yake. Mteja hakulipia sauti ya mpiga video. Alipomaliza, akaiamuru ipike.

Puu.

Akakaa kitandani, akampigia Hellen. "Mama, video haijaiva. Niwekeeni siku nyingine."

"Hatuna siku nyingine, watu wameshafika na nyama iko motoni. Kwani haionekani kabisa?"

"Ukiitazama humo humo kwenye kompyuta, inaonekana."

"Basi njoo na chungu chenyewe!"

Akaja nacho, kwa bajaji, amekipakata. Sebuleni kwa Hellen kochi lilikuwa limejaa, isipokuwa pengo la mtu mmoja. Revocatus aliliona. Lakini kompyuta ile ilitaka mlinzi, mkono karibu na kipanya, isije ikazidiwa. Akaiunganisha na televisheni, akageuza ndoo, akakaa nyuma yake. Shati lilikuwa bado linanukia pasi.

Video ikaanza. Watu wakashangilia, wakazomeana, wakapongezana kwa vitenge. Halafu, juu ya picha ya bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani, sauti ikasema: "Mama, sogea kidogo kushoto. Hapo hapo. Ah, umependeza, wenzako watakununia."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. "Ni Revo huyo! Kumbe ana maneno!"

Usafi wote wa alfajiri ulikuwa umekwenda na lile giza, hakuwa amehifadhi. Revocatus akanyoosha mkono apunguze sauti.

"Weka mkono chini!" Hellen akafoka. "Tunasikiliza."

Picha ikahamia ukumbini, kabla wageni hawajaingia. Viti vitupu, maua, keki. Sauti ile ile ikaja, chini kidogo.

"Leonsia, ona keki. Wameiweka chini ya feni, hii itaanguka tu." Kimya. "Shika taa juu kidogo, mama." Kimya tena. Taa kwenye picha haikusogea. "Hapo. Asante."

Sebuleni hakuna aliyecheka. Nyuma ya televisheni, Revocatus aliangalia kipanya kana kwamba hajawahi kukiona.

Hellen akasimama, akapakua sahani, nyama juu. Hakumpelekea. Akaiweka kwenye stuli, mbele ya lile pengo la kochi.

"Chakula cha Revo kiko hapa," alisema.

"Na kompyuta, mama? Ikizima?"

"Ikizima tutaiwasha. Haina pa kwenda."

Akanyanyuka kwenye ndoo, akazunguka televisheni, akapita kati ya magoti ya watu aliowajua wote na ambao hawakuwa wamewahi kumsogezea miguu. Akakaa. Pembeni yake alikuwa Bi Wilhelmina, yule yule wa kitenge cha kijani.

"Kwa hiyo ni wewe uliyesema nimependeza."

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Na keki, ilianguka?"

"Subiri uone."

Akala polepole, amekaa. Kompyuta haikuzima. Kwenye televisheni yule mtu wa nyuma ya kamera aliendelea kuzungumza, akiuliza hiki, akicheka kidogo, akiacha nafasi ya kujibiwa kila mara. Na kwa umbali ule, kutoka kwenye kochi, alisikika kama jirani wa chumba cha pili ambaye hujawahi kumbishia hodi.