Mtu wa Nyasi

Kazi ya kuvunja bangili za mjane kwetu hufanywa na wanawake wa upande wa mume, na upande wetu tulibaki wawili tu: mama yangu, ambaye mikono yake siku hizi haiwezi hata kumenya kitunguu saumu, na mimi, Jaukala. Basi nikaambiwa nitafute jiwe. Niliambiwa kwa upole, kama mtu anavyotumwa chumvi kwa jirani.

Bangili zenyewe zilikuwa za Rupsara, mke wa kaka yangu. Na shida ilikuwa hapo hapo, maana hakuna aliyejua kama Rupsara ni mjane. Wakati wa vita kaka yangu Kamansing alitoka asubuhi na gunia la mahindi mgongoni, akielekea kwenye kinu cha maji kule bondeni, na watu wenye bunduki wakamchukua njiani. Wengine wanasema walikuwa wa serikali, wengine wanasema wale wa msituni. Gunia tulilipata. Yeye hatukumpata, si mzima wala maiti, na vita vilipokwisha na wakubwa wakapeana mikono kule Kathmandu, hakuna aliyepanda mlima wetu kuja kutuambia yuko wapi.

Tangu siku ile Rupsara anaoga alfajiri, anapaka sindur, ile poda nyekundu ya wake, kwenye mstari wa nywele, anavaa shanga zake na bangili zake nyekundu za kioo, sawa na mke yeyote ambaye mumewe ametoka kidogo. Mwanzoni watu walimhurumia. Baadaye wakaanza kuguna. Mwanamke hana mume na bado anang'ara, tena anacheka sokoni! Walioguna karibu na mimi walijuta, kwa sababu nina mdomo. Mume wangu alinirudisha kwa mama kwa ajili ya mdomo huo huo, na mpaka leo sijaona nilichopoteza.

Miguno ilipungua watu walipopata jambo kubwa zaidi la kuguna. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mwanamke atapanda, atapalilia, atavuna na kubeba samadi mpaka mgongo upinde, lakini akishika plau, mvua inakatika. Vita vikachukua wanaume, huyu kakamatwa, yule kakimbilia India, na mashamba yakalala. Rupsara akawafunga ng'ombe nira mchana kweupe, akalima. Babu Pandit, kuhani wetu, alisimama ukingoni mwa shamba akamtabiria ukame wa kutisha. Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka choo cha Pandit kikaporomoka. Leo plau nyingi kijijini zimo mikononi mwa wanawake, na shamba la Pandit mwenyewe, ambaye wanawe wote wako Malaysia, linalimwa na nani? Rupsara. Ukiwauliza watu kama hiyo ilikuwa dhambi, wanakutazama kana kwamba umeota.

Nami nilidhani mambo ya sindur yatasahaulika vivyo hivyo. Ndipo Sirjana, binti yao wa pekee, akapata mchumba.

Kijana ni wa ng'ambo ya mto, anafanya kazi Qatar. Walijuana kwa simu, kama wanavyojuana wote siku hizi, na alikuwa amekuja nyumbani kwa likizo fupi. Mjomba wake alikuja barazani kwetu kumaliza mazungumzo. Alikunywa chai, akasifu maziwa, akasifu mbuzi, kisha akaikohoa hoja yake.

"Binti hatuna neno naye," alisema. "Ila siku ya harusi mama yake atakaa mbele ya moto kumkabidhi. Akikaa na nyekundu zake, watu wetu watauliza mume yuko wapi. Akikaa bila nyekundu, sawa, ni mjane, tunaelewa. Mtu awe kimoja."

"Kwani yeye ni shati, achague rangi?" nikamwuliza.

"Dada, mimi nimetumwa tu."

"Hayo maneno umetumwa. Na chai je? Mbona hiyo umekunywa kwa hiari?"

Mama akanifinya. Mjomba akaendelea polepole, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Miaka kumi na miwili imeshapita, alisema, na dini imeweka njia. Mtu akipotea muda huo, ndugu zake humtengeneza kwa nyasi takatifu za kush, wakamchoma mtoni, wakamlilia, yakaisha. Kijana anarudi Qatar mwezi ujao. Kama tunataka harusi ifanyike kabla hajaondoka, tumchome baba yake Sirjana sasa.

Jioni tulikaa jikoni wanawake wanne, na hakuna aliyegusa chakula isipokuwa mimi. Nikiwa na hasira huwa nakula.

"Sikubali," alisema Rupsara. "Waliomchukua hawajasema amekufa. Mimi ndiye niwasemee? Nikivua hizi, mambo yao yamekwisha. Watasema hata mkewe ameshakubali."

"Basi niache harusi, mama," alisema Sirjana. "Akinitaka atanisubiri."

"Nyamaza wewe!" Rupsara akamkaripia. "Nani kakuambia uwe mbuzi wa kafara hapa?"

Mama alikuwa anachokoachokoa moto. Amevaa nyeupe ya ujane tangu mimi ni mtoto wa kubebwa. Sina picha yake ya rangi nyingine kichwani. Akasema, bila kuinua macho, "Na mimi, Rupsara?"

Hatukuelewa.

"Kila mwaka tukiwapa wafu wetu maji, nampa baba mkwe wako. Nawapa wazee wote. Nawapa hata wale mashangazi ambao sikuwapenda hata kidogo. Mwanangu simpi. Nikimpa, nimemuua kwa mkono wangu. Nisipompa, kama amekufa, anakaa huko na kiu. Mimi nikiondoka, nani atampa?"

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilidhani mama amezoea. Niliwatazama wale wawili, wanampenda mtu mmoja, kila mmoja anamtaka mahali pake, na wala hakuna mwenye makosa. Nilitafuta wa kumkasirikia nikamkosa, nikasukuma sahani.

Rupsara aliliacha birika mpaka maji ya chai yakakauka, kisha akaliepua.

"Mchomeni," alisema. "Kwa ajili ya mama."

"Na bangili?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Na bangili, na kila kitu. Kama ni kufa, basi afe sawasawa. Wewe ndiye utakayezivunja, wifi. Sitaki mtu mwingine anishike."

"Ningejua kuwa na wifi ni kazi ya namna hii, ningemwambia kaka abaki kapera."

"Kwa mdomo wako huo angeoa wawili," akasema, na tukacheka kidogo, kicheko kibaya kisicho na pumzi.

Pandit alimfunga mtu wa nyasi uani kwetu. Mashada ya miguu, mashada ya mikono, nazi ikawa kichwa. Rupsara alisimama akamtazama kama anayekagua kazi ya fundi.

"Mfupi," akasema.

"Hii ni ishara tu, binti yangu."

"Basi ni ishara ya mtu mwingine. Kamansing alikuwa anainama kwenye mlango huu."

Pandit akautazama mlango, akafungua kamba, akaongeza nyasi. Rupsara aliingia ndani akatoka na kofia ya kaka, ile ya sikukuu, akaivalisha nazi na kuilaza kidogo upande. Hapo ndipo nilipolazimika kwenda nyuma ya zizi kwa muda. Kaka aliivaa hivyo hivyo, upande.

Zamani wanawake hatukufika mahali pa kuchomea maiti. Vita vilipowamaliza wabebaji, tukabeba wenyewe, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na uso wa kuturudisha jikoni. Sirjana na Rupsara walishika mbele ya machela, majirani wawili wakashika nyuma. Mimi nilimbeba mama kwenye kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na jiwe nimelifunga kiunoni. Mama alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Binamu yetu mzee, mwanamume pekee wa ukoo aliyebaki, alichechemea na moto. Mjomba wa kijana alifuata nyuma kabisa, aje kushuhudia.

Nyasi haziungui kama mtu. Zilimaliza kabla sisi hatujamaliza kulia. Mama aliomba ashushwe ukingoni, akachota maji kwa viganja, akayaacha yateremke taratibu.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Kunywa. Nimekuchelewesha."

Alirudia mara nyingi. Rupsara hakulia. Alimsubiri mama amalize, kisha akaenda mwenyewe kwenye mwamba bapa, akapiga magoti, akatandaza mikono yote miwili juu yake. Pembeni aliweka kikopo chake kidogo cha sindur, kitupwe mtoni.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimvalisha bangili mpya kila Teej, sikukuu ya wanawake, kwa sabuni, kwa sababu mifupa ya mikono yake imekuwa mipana kwa plau. Kila mwaka ananitukana kuwa namvunja mkono. Nikalifungua jiwe. Nikaliinua. Namwomba Mungu anisamehe, nilitamani mto ufurike unichukue na jiwe langu.

"Fanya upesi, wifi," akanong'ona.

"Jaukala," mama akaita. "Weka jiwe chini."

Nikaliweka. Hata sikuuliza.

"Nileteeni hicho kikopo."

Watu wakatazamana. Mjane kugusa sindur ni mkosi, hata mtoto wa kijiji anajua. Siku za harusi mama hukaa mbali ili kivuli chake kisiangukie sinia la sindur. Pandit akasogea. "Mama yangu, mjane hagusi—"

"Babu Pandit," alisema mama, "uliwahi pia kutuambia habari za plau na mvua."

Pandit akarudi nyuma. Alianza kuukagua mto kwa makini sana. Nadhani pia alikumbuka kwamba shamba lake halijalimwa.

Mama alifungua kikopo. Akaingiza kidole kwenye ile nyekundu aliyokuwa akiikwepa tangu ujana wake. Akampaka Rupsara kwenye mstari wa nywele, vibaya, kwa kumwaga, na poda nyingine ikamwangukia puani. Kwetu poda ikimwangukia mwanamke puani, husemwa mumewe anampenda sana.

"Mwanangu nimeshamzika," alisema mama. "Sasa nitampa maji yake nikalale. Mumeo ni wako. Utamzika siku utakayotaka wewe, na usipotaka, usimzike."

Ndipo Rupsara alipolia. Alilia ameweka kichwa mapajani mwa mama, na zile nyeupe za mama zikawa na madoa mekundu ambayo mpaka leo hayajatoka, na mama hataki yatolewe.

Mjomba wa kijana alikuwa anajikuna shingo. "Sasa mimi nikifika nyumbani," alisema, "hii nitawaambia ni nini?"

"Waambie ni mama mkwe wa mpwa wako," Sirjana akamjibu, huku anapangusa machozi. "Wakitaka jina lingine, mpwa wako arudi Qatar na tiketi moja."

Sikuwahi kujivunia damu yangu kama wakati ule. Mjomba alitafakari. Akamtazama mama, akamtazama Rupsara, akavua viatu na kwenda kunawa uso mtoni. Aliporudi alisema kwamba yeye naye ana dada ambaye mumewe alichukuliwa, kijiji cha juu kule, na kwamba wao walishamvua nyekundu zamani. Siku ile ile kijana alipiga simu akauliza harusi ni lini.

Msiba wa mzazi kwetu ni mwaka mzima, lakini likizo ya Qatar haijui hayo. Pandit aliukunja ule mwaka wote ukaingia katika siku kumi na tatu, kama anavyowafanyia wengi sasa, na ya kumi na nne tukapiga ngoma. Rupsara alikaa mbele ya moto na nyekundu zake zote, mkeka wa pembeni yake mtupu. Wageni walitazama mkeka, wakamtazama yeye. Kisha wali na nyama ya mbuzi vikaja, wakatazama wali na nyama.

Lile jiwe sikulitupa. Ni jiwe zuri, bapa, zito. Linakandamiza mtungi wangu wa majani ya haradali yanayochachuka. Rupsara akija kuniomba mboga, hulinyanyua yeye mwenyewe kwa mikono yake yenye bangili, akachota, kisha akalirudisha taratibu.

"Unanitunzia jiwe langu, wifi?" huuliza.

"Lipo," humjibu. "Haliozi."

Na kila mwaka, wakati wa kuwapa wafu maji, mama humimina ya Kamansing mwisho. Rupsara humshikia birika. Wakimaliza, Rupsara hupika chakula cha jioni, na sahani ya kaka huiosha, akaiweka pamoja na zetu.