Mtoto Mgongoni mwa Nyapara

Kahawa ya Ruiru haingoji mtu. Ikianza kuiva imeanza, na asiyeichuma leo, kesho ataiokota chini pamoja na majani. Ndiyo maana miaka ile ya hali ya hatari, nyapara wa wachumaji alipochukuliwa na askari akaenda bila kuaga, bwana wa shamba hakuwa na nafasi ya kufikiri sana. Wanaume walikuwa wamebaki wachache kama meno ya mzee. Akatazama wanawake waliosimama na vikapu vyao, akamnyooshea kidole Wakonyo, ambaye mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wote.

"Wewe. Kuanzia leo nyapara ni wewe."

Wakonyo alifikiri anaitwa kwa kosa. Mwanamke kuwa nyapara, hilo halikuwa limeonekana Ruiru wala Thika. Waweru, mwenye kuendesha mkokoteni wa ng'ombe wa kupeleka kahawa kiwandani, alikuwa ameshajiona katika kazi ile, hata kofia alikuwa ameazima.

"Haya, Mama Mburu," akamwambia Wakonyo, "sasa tutapikiwa amri."

Wanawake wakacheka. Wakonyo naye akacheka, maana hakujua auweke wapi uso wake.

Sasa, kazi ya nyapara ni kusimama. Anatembea mstari hadi mstari, anachungulia kikapu cha huyu na cha yule, kahawa mbichi isije ikachanganyika na nyekundu. Lakini Wakonyo alilelewa akijua kwamba ukikuta wanawake wenzako wameinama, nawe unainama. Hata ukienda kumsalimu jirani ukamkuta analima, unashika jembe ndipo mnazungumza. Angesimamaje mikono mitupu, huku Cucu Ngina, bibi kizee aliyemzidi hata mama yake kwa umri, anavuta matawi? Akachukua kikapu chake akaingia mstarini. Nitachuma huku nikiangalia, akajiambia.

Anayechuma haangalii. Na siku hiyo akina mama walikuwa na haraka. Watoto wachanga walilazwa kivulini chini ya mti wa mkima, mwisho wa mistari, na desturi ya shamba ilikuwa mama haendi kunyonyesha mpaka kikapu kijae. Mtoto akilia kule, mkono wa mama huku hauchagui tena. Unakamua tawi zima, liwe limeiva lisiwe limeiva.

Jioni, Kaleli, Mkamba wa mashine ya kumenya kahawa, akatia mkono kwenye mzigo akautoa umejaa kijani.

"Mama, kwetu hii tunaiita mbaazi," akasema.

Bwana akaja, akaona. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kesho ikija hivyo tena, nyapara atakuwa Waweru.

Njiani kurudi kwenye nyumba za wafanyakazi, Wakonyo hakulilia cheo. Cheo alikuwa nacho siku moja tu, hata hakijamzoea. Kilichomkaa moyoni ni maneno aliyoyasikia Waweru akiyasema kando ya ng'ombe wake: "Mimi nikishika hiyo kazi, hakuna mtu wa kwenda kivulini. Mtoto atanyonya jioni."

Asubuhi alipofika tu, Cucu Ngina akamvua kikapu begani.

"Hiki nimekichukua. Simama."

"Cucu, siwezi kusimama nikikutazama wewe umeinama."

"Unaona haya ya mikono mitupu?"

"Naona."

Cucu Ngina akaenda polepole mpaka kwenye mkima, akarudi na mtoto aliyekuwa akilia, wa mchumaji mmoja aitwaye Nyawira, akamfunga mgongoni mwa Wakonyo kwa shuka, akavuta fundo likakaza.

"Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, hakuna wa kumwita mvivu. Sasa tembea."

Wakonyo akatembea. Mtoto hakunyamaza, basi akampeleka kwa mama yake. Nyawira akaketi kati ya mistari akanyonyesha, na Wakonyo, akingoja, akachungulia kikapu chake. Akatoa punje ya kijani. "Hii bado, mwenzangu." Nyawira akaitikia kwa kichwa. Mtoto aliposhiba, akamrudisha kivulini akabeba mwingine, akaingia mstari mwingine. Hata kabla ya jua kufika utosini, wanawake walikuwa wameacha kukamua matawi. Kila mmoja alijua wake ataletwa.

Waweru akasimamisha ng'ombe. "Hili shamba limepata nyapara ama limepata yaya?"

"Limepata wote wawili kwa mshahara mmoja," Nyawira akamjibu bila kuinua kichwa. "Wewe ungeleta nini, kofia?"

Jioni Kaleli alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukatoka na nyekundu tupu.

"Mbaazi zimekwisha," akamwambia bwana.

Bwana akaitazama kahawa, akamtazama Wakonyo na mtoto aliyelala mgongoni. "Kesho endelea hivyo hivyo," akasema, akaenda zake. Waweru naye akarudisha kofia kwa mwenyewe.

Kwao Wakonyo, mwanamke akijifungua, wenzake humpelekea kuni. Jumapili hiyo Wakonyo alikata mzigo wa kuni kavu, akaubeba kwa kamba ya kichwani mpaka kwa Cucu Ngina, akautua mlangoni.

"Hizi za nini?" mzee akauliza. "Nani amezaa hapa, na uzee huu?"

"Ni wewe, Cucu."

"Nimezaa nini mimi?"

"Nyapara."

Cucu Ngina akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Alipopata pumzi akazitazama kuni, akamtazama Wakonyo, macho yakiwa na maji kidogo.

"Basi usiziache hapo nje, mwanangu. Leo mgongo wangu hautaki kuinama."

Wakonyo akainama, akaziingiza ndani moja moja, akazipanga kando ya mafiga, na safari hii hakuna aliyemwambia asimame.