Mwanafunzi Mpya kwenye Kanda ya Kasongo

Kila siku, jua likianza kuilalia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, Fébronie aliteleka karai lake mbele ya kibanda cha Kasongo kinyozi pale Gungu, naye Kasongo aliwasha jenereta na kuweka kanda. Alikuwa na kanda moja tu ya video: kichekesho cha Mwalimu Leonardi na darasa lake lililoshindikana. Wateja waliijua kama sala. Walijua lini mwalimu atakalia ndizi mbivu, na lini yule mvulana wa kaptula ya kubana ataulizwa mji mkuu uko wapi, aape kwamba si yeye aliyeuhamisha.

Jioni hiyo Fébronie alikuwa anakaanga migebuka alipomwona binti yake ndani ya televisheni, ameketi dawati la nyuma. Akawageuza samaki kwanza, maana walikuwa wanaungua, ndipo akatazama tena. Ni yeye. Sare ileile, na kola aliyomshonea kwa uzi mweusi kwa kukosa mweupe.

"Kasongo, hii kanda mpya?"

"Ni ile ile, mama. Wamepokea mwanafunzi tu."

Mtaani binti huyo aliitwa Agnesi, na kwao kulitajwa kuwa Kasulu. Fébronie ndiye aliyemfundisha hivyo. Alimfundisha pia kutofungua mdomo darasani. Kirundi na Kiha cha Kasulu ni ndugu wa tumbo moja, lakini mwenye sikio huwatenganisha, na mwaka huo malori yalipita mitaani kuwakusanya Warundi walioishi nje ya kambi. Mtoto alitii. Walimu wake walimsifu kuwa mtulivu kuliko wote. Hakuna aliyeijua sauti yake.

Ndani ya televisheni alikuwa hashikiki. Alimwigiza mwalimu anavyopandisha suruali. Mwalimu alipouliza nani amekula chaki, alisimama akaomba maji ya kuteremshia. Wale watu wasioonekana wanaocheka ndani ya vichekesho walicheka mpaka spika ikakwaruza.

"Huyu mpya ni moto!" alisema mteja mwenye povu kidevuni. "Yule wa kaptula kapata kiboko yake."

Fébronie alisogeza jiko karibu. Hakuwa amejua kwamba binti yake akicheka anafumba jicho moja. Alitaka kujua na mengine: huko nani anamsuka, maana nywele zilikuwa na mistari iliyonyooka, na kama mwalimu yule anachapa au anatisha tu. Kanda ilipoisha, Ishimwe, maana hilo ndilo jina alilozaliwa nalo, alifika nyumbani na vumbi la chaki mikononi.

"Umetoka wapi?"

"Shule."

"Wanawapa uji?"

"Wanatupa. Una sukari."

Fébronie akaridhika, akampakulia.

Mambo yaliharibika Alhamisi, Mzee Hamdani alipokuja kunyolewa. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa Ujiji, mpole, mwenye kanzu safi siku zote. Kwenye televisheni Mwalimu Leonardi alikuwa anaita majina.

"Ishimwe Ntakarutimana!"

"Ndi hano, mwigisha!" binti aliitika kwamba yupo, kwa Kirundi kisichokuwa na doa.

Mzee Hamdani aligeuka, nusura wembe umkate. "Mama Agnesi, yule si binti yako?"

"Hapana, Mzee. Wamefanana tu. Mimi sina mtoto wa hivyo."

"Haya," alisema Mzee Hamdani, kama aliyetuliwa mzigo.

Kwenye kioo cha televisheni, Ishimwe aliacha kucheka. Usiku hakumaliza ugali wake.

Kesho yake Mzee Hamdani alirudi na taarifa. Lori litaingia Gungu asubuhi, na yeye atapanda mbele kuonyesha nyumba za Warundi. Aliitoa kwa sauti ya mtu anayetangaza mgawo wa maji, kisha akaomba kiti atazame kichekesho.

Mwalimu Leonardi alikuwa amemsimamisha Ishimwe mbele ya darasa. "Nilikwambia uje na mzazi. Yuko wapi?"

"Sina, Mwalimu. Mama amesema hana mtoto wa hivyo."

Watu wasioonekana wakacheka. Mwalimu Leonardi hakucheka. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaupangusa kwa kiganja, akawaangalia waliokuwa kibandani mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayesubiri mkono unyooke. Kanda ilizidi kuzunguka. Mwalimu hakuondoka kwenye kioo.

Fébronie aliepua karai, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ni uwanje, mwigisha," alisema kwa lugha ya kwao. Ni wangu, Mwalimu.

Kasongo alijifanya anatafuta kitana. Mzee Hamdani aliinamia viatu vyake.

"Mama," alisema taratibu, "jenereta hili lina kelele sana. Mimi sijasikia kitu. Nakuomba, usirudie."

Fébronie alikuwa ameushika tena mwiko, na mafuta yake yalimdondokea mguuni. Hakuutoa mguu.

"Narudia, Mzee. Mimi si Mama Agnesi. Mimi ni Fébronie, Mrundi, tulivuka mpaka pale Kagunga. Nyumba yangu unaijua. Na huyo anayewachekesha watu hapo ni Ishimwe, mwanangu."