Kabla ya Kuzima Mtandao

Wakili wa wizara aliingia kwenye chumba cha mkutano akiwa na ombi la waziri ndani ya mkoba na roho mkononi. Tangu asubuhi video moja ilikuwa imesambaa: mtu asiyeonyesha uso akidai kwamba magari ya maji yanamwaga sumu kwenye matangi ya mji mmoja wa wilayani. Uongo mtupu, lakini uongo una mbio. Mchana ulipofika, watu walikuwa wameshika mawe, na waziri alitaka intaneti ya wilaya nzima izimwe.

Kisheria hakuweza kuzima peke yake. Baraza la Mtandao lilikaa kwa mafiga matatu: serikali, kampuni za simu na asasi za kiraia. Figa moja likikataa, chungu hakikai.

Kwa serikali alikuwepo Wakili mwenyewe; kwa kampuni alikuwepo Meneja, bwana aliyeogopa kunyang'anywa leseni kuliko alivyoogopa kufa. Kwa asasi alikuwepo Mama Redio, mtangazaji mstaafu, ambaye hata akikunong'oneza jirani anasikia.

"Sisi hatuna neno," Meneja aliwahi. "Serikali ikisema tuzime, tunazima."

"Wewe hujawa na neno tangu uzaliwe," Mama Redio akamjibu. Lakini hakucheka. Alijifuta uso kwa leso. "Miaka yote nimekataa kuzima. Leo watu wanapigwa mawe kwa sababu ya video. Nikikataa wakafa, damu yao haitanililia?"

Wakili alijua mama wa watu ameshalainika. Akisukumwa kidogo tu, atakubali. Ndipo simu ikatetemeka mezani, na jina likatokea: WIFI.

Meneja akachungulia. "Hata simu yako inatafuta mtandao, Wakili!"

Wakili hakumjibu. Mke wa mdogo wake hakuwa mtu wa kupiga saa za kazi. Akatoka koridoni.

"Wifi, mume wangu yuko huko," sauti ilikuwa imekauka. "Alipeleka gari la maji. Picha ya gari wameirusha, wanamtafuta. Kajificha ndani ya tangi tupu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Salio limemwishia, ana bando la intaneti tu. Ananiandikia."

"Polisi je?"

"Nawatumia ramani ya alipo. Wanasema wanakuja. Lakini anahama, wifi. Hili ni tangi la pili."

Wakili aliegemea ukuta. Wazo la kwanza lilikuwa moja: zima. Zima sasa hivi, picha ile isifike kwenye simu ya mtu mwingine hata mmoja. Kisha wifi yake akamtumia ujumbe wa mwisho kutoka kwa mdogo wake: "Nawasikia nje. Msipige. Andikeni tu."

Mtandao ule ule uliokuwa unamwinda ndio aliokuwa anapumulia.

Aliporudi, Mama Redio alikuwa anamsubiri. "Mwanangu, utakalosema nitalifuata. Niambie ukweli. Tuzime?"

Waziri alikuwa anangoja jibu. Wakili akalitoa ombi mkobani.

"Mdogo wangu yuko huko, mama. Wanamsaka, na anatuelekeza alipo kwa intaneti hiyo hiyo. Nilikuja kuwashawishi mzime. Siwezi tena. Naondoa ombi."

"Una mamlaka hayo?" Meneja aliuliza.

"Nitajua kesho."

Mama Redio alisukuma kiti. "Basi tusikae kama tuko matangani. Meneja, peleka ujumbe wa bure kwa kila simu ya wilaya ile: maji ni salama, magari yaachwe."

"Ujumbe wa namna hiyo unahitaji kibali cha..."

"Cha nani? Serikali hiyo hapo, iulize!"

"Kibali unacho," Wakili akasema. Meneja akapiga simu kwa mafundi wake. Mama Redio akawaamsha watu wake wa asasi na redio ya mji ule. Wakili akambana kwa simu mkurugenzi wa maji wa wilaya mpaka akakubali kwenda bombani, anywe mbele ya watu na kamera.

Jioni umati ulipungua, lakini gari moja lilikuwa limeshateketezwa, na mlinzi wa bomba alikuwa amepoteza jicho. Mdogo wake Wakili, watu wa umati walimtoa tangini wakampiga. Polisi walimkuta yuko hai, wakifuata ramani ya mkewe.

Asubuhi Wakili alivuliwa nafasi yake barazani. Alitoka wizarani, akaenda moja kwa moja hospitali. Mdogo wake alikuwa amelala, mkono mmoja kwenye plasta, mdomo umevimba.

"Dada, ungezima," alisema polepole. "Aliyenitoa kwenye tangi alikuwa ananirusha moja kwa moja mtandaoni. Wenzake wakaja mbio."

"Na polisi wangekupataje?"

"Ndiyo hapo. Sijui nikulaumu au nikushukuru."

"Hata mimi sijui," Wakili alisema, akamshika mkono ule mzima.

Wifi yake, aliyekuwa dirishani, akageuka na simu. "Jamani. Kuna video nyingine. Wanasema mkurugenzi alikunywa maji ya chupa, si ya bomba, kayamimina kwenye glasi kabla."

Wakili akatoka nje ya wodi, akampigia Mama Redio, waujibu na uongo huu.