Jeshi Lililopakwa Upya

Alhamisi, saa saba na dakika kumi mchana, kwenye chumba cha kusomea cha maktaba, Mkaguzi alifungua ukurasa wa sitini na mbili na kukuta askari wa udongo mwenye suruali ya kijani. Koti lake lilikuwa na mabaki ya rangi nyekundu, na ukosi wake ulikuwa wa zambarau. Maelezo chini ya picha yalikuwa mafupi: askari wa udongo wa enzi ya Qin waliofukuliwa Uchina hawakupakwa rangi moja. Wataalamu walilijua hilo kutokana na chembe za rangi zilizobaki kwenye udongo.

Alisoma mara tatu. Akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya nne. Maandishi yalibaki yale yale.

Kazi yake ilikuwa kukagua mizani viwandani, na jina lilitokana na kazi hiyo. Mzani ukidanganya kwa uzito wa punje ya mchele aliufunga kwa lakiri na kuondoka bila kugusa chai ya watu. Aliamini kilichopimwa. Lakini majuma matano kabla ya Alhamisi hiyo, mbele ya watu kumi na mmoja, alikuwa ametamka jambo ambalo hakulipima.

Watu hao walikuwa wanachama wa klabu ya vita vya mezani. Kila Jumamosi walikutana kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vipuri, wakapanga majeshi ya vijisanamu kwenye meza tatu zilizounganishwa, wakapima mwendo kwa futi na kuamua nani afe kwa kurusha dadu. Jumamosi hiyo shemeji yake, fundi cherehani aliyemwoa dada yake mkubwa, alileta jeshi lake la kwanza: Wachina wa kale tisini na sita, kila mmoja na urefu wa nusu ya kidole gumba, wenye mikuki na pinde. Alikuwa amewapaka kwa miezi kumi na minne, na hakuna wawili waliofanana. Mwenye koti la kijani alikuwa na mikono ya waridi, mwenye koti jekundu alikuwa na ukosi wa buluu, na kila ukosi ulizungushiwa mstari mwembamba kama mshono, uliochorwa kwa brashi yenye nywele chache za kuhesabika.

Mkaguzi aliwazunguka, mikono mgongoni.

"Shemeji," alisema, "umetuletea jeshi au umetuletea harusi?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni dereva wa lori mstaafu waliyemwita Jenerali kwa kuwa hakuwahi kushinda hata pambano moja.

"Watu wa Qin walikuwa watu wa nyeusi," Mkaguzi aliendelea. "Nguo nyeusi, bendera nyeusi. Imeandikwa. Hawa wako adui angewaona angali kitandani."

Fundi alicheka pia, ila alichelewa kidogo kuanza. Kisha akawarudisha askari kwenye boksi, mmoja mmoja.

Ni kweli ilikuwa imeandikwa. Mkaguzi alikuwa ameisoma sentensi hiyo kwenye ensaiklopidia: watawala wa Qin waliitukuza rangi nyeusi. Sentensi ilihusu mavazi ya heshima na bendera za utawala. Habari za askari zilianza aya mbili chini yake. Hakufika huko.

Saa kumi jioni, Alhamisi ile ile, alikuwa mlangoni mwa duka la ushonaji la shemeji yake, kitabu kwapani. Alikuwa na tumaini moja tu: msimu wa sare za shule ulikuwa umepamba moto, na pengine Fundi hakupata nafasi ya kulipaka jeshi upya.

Jeshi lilikuwa limesimama kwenye meza ya kukatia, safu nane za askari kumi na wawili, weusi tii. Chini ya meza palikuwa na karai la spiriti. Rangi ya miezi kumi na minne ilikuwa imetuama humo kama tope la kahawia.

"Karibu, shemeji," Fundi alisema. "Umekuja kukagua? Wa mwisho nimemmaliza leo asubuhi. Mwambie Jenerali wenu safari hii atafute kingine cha kuchekea."

"Usiwaguse, wanakauka," alisema dada, ambaye alikuwa akishona vifungo kwenye mlima wa mashati. "Wale wa kwanza, mdogo wangu, aliwapaka huku anaimba. Hawa amewapaka kama mtu anayepaka geti."

Mkaguzi aliweka kitabu mezani. Alisema kwamba alikosea, kwamba askari wale walikuwa na rangi nyingi, na kwamba ushahidi ulikuwa ukurasa wa sitini na mbili.

Fundi hakuufungua ukurasa. Alitazama jalada.

"Hiki nakijua. Nilikiazima mwaka juzi. Ndicho nilichokifuata."

"Ulikuwa umekisoma?"

"Nilikwenda maktaba na kadi yangu ya sampuli za nyuzi. Kila rangi ya kwenye picha niliitafutia uzi wake kwanza, ndipo nikachanganya ya kupaka."

"Sasa mbona hukusema pale pale?"

"Niseme nini? Wewe ndiye uliyesoma, shemeji. Nikajua umeona kitabu kipya kuliko hiki."

Mkaguzi alikuwa amejiandaa kumwomba radhi mtu asiyejua, akamkuta mtu aliyejua kabla yake na akafuta anachokijua kwa sababu tu yeye alipandisha sauti.

"Nitakusaidia kuwapaka upya," alisema.

"Kwa mikono hiyo? Utawatoboa macho." Fundi alichomoa pini kwenye kola ya shati. "Yameisha, shemeji. Nyeusi nayo ni rangi."

"Hayajaisha," alisema dada bila kuinua kichwa. "Hapa anawaambia watu wawili na cherehani. Mara ile alisemea wapi?"

Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, jeshi jeusi lilipangwa mezani ukumbini. Mkaguzi alikuwa amekusudia kusema kabla mtu hajatia neno, lakini Jenerali alimtangulia.

"Haya sasa! Hawa ndio askari! Fundi, umenyooka. Mkaguzi ana jicho, lazima tukubali."

Wanachama walipiga makofi. Mwenyekiti, daktari wa meno, alimpa Mkaguzi mkono. Mkaguzi aliupokea. Aliupokea na akanyamaza, na saa ya ukutani ikaenda dakika kumi na saba huku watu wakipima umbali na Fundi akisogeza safu zake. Dadu la kwanza lilimnyima bahati. Askari wanne waliondolewa.

"Simamisheni mchezo," Mkaguzi alisema.

"Hajafa mtu wako, unalia nini?" Jenerali aliuliza.

"Mara ile nilisema Qin walivaa nyeusi. Nilisoma nusu. Jeshi lile la rangi lilikuwa sahihi, na Fundi alikuwa na ushahidi wake. Amelifuta kwa ajili yangu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama meza, kisha akatazama kila mahali isipokuwa usoni kwa Fundi.

"Lote?" Jenerali aliuliza taratibu. "Hata yule mwenye ukosi wa buluu?"

"Wote tisini na sita," alisema Mkaguzi. Akatoa kitabu mkobani na kusoma ukurasa wa sitini na mbili, maelezo yote, kwa sauti. Alipomaliza alikifunga.

Fundi alivuta kiti, akaketi kumkabili.

"Mbona unafunga? Soma na unaofuata," alisema. "Ndio wenye rangi za mikono na mapindo ya makoti."

Mkaguzi hakuwa ameusoma ukurasa wa sitini na tatu. Aliufungua, akatafuta mstari wa kwanza kwa kidole, na akausoma mbele ya watu wote mpaka chini.